Upanga wa Kijapani Nyumbani: Namna ya Kuutambua na Kuutunza

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee na vijana katika Mji wa Kale, Mombasa. Twayachapisha kwa faida ya wasomaji wetu wa mjini na wa mashamba.)

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaa wa Kibokoni alimtuma mjukuu wake aniite. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi katika ofisi ya Serikali, na majirani hudhani kuwa mtu wa kazi hiyo ajua kusoma lugha zote zilizo chini ya mbingu. Nilipofika nilikuta juu ya mkeka kitu kirefu kilichofungwa ndani ya kikoi kilichochakaa. Mzee akakifungua taratibu, akasema, "Mwanangu, hii ni amana ya marehemu baba yetu. Alirudi nayo kutoka Burma. Alimpokonya mkubwa mmoja wa Kijapani, mkono kwa mkono. Twataka utusomee jina la huyo Mjapani."

Ulikuwa upanga. Kando yake alikaa ndugu yake mdogo, na mkononi mwake alikuwa na kipande cha msasa. Mnunuzi mmoja alikuwa ameahidi kuutwaa, naye ndugu mdogo aliona heri ausugue kwanza ung'ae, bei ipate kupanda. Alikuwa amekwisha kusugua urefu wa shubiri moja karibu na ncha.

Nitarudi katika nyumba hiyo kabla sijamaliza. Kwanza nataka kuwaeleza mambo ambayo ndugu huyo angaliyajua mapema, msasa ule usingaligusa chuma. Mimi sisomi Kijapani, ila herufi chache tu. Lakini zamani kidogo nilipewa kazi ya kutafsiri barua iliyohusu panga za namna hii, na tangu siku ile nimekuwa nikikusanya habari zake.

PANGA HIZI ZILIFIKAJE KWETU?

Kijana aweza kuuliza, Mombasa na Japani wapi na wapi? Jibu ni kwamba katika Vita ya Pili ya Dunia bahari ilituunganisha. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Kijapani zilipiga Colombo, na kundi kubwa la manowari za Kiingereza likahamia Kilindini. Katika shule ya Allidina Visram, hapa hapa kisiwani, wataalamu walikaa mchana na usiku wakifumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Wengi waliopita nje ya kuta zile hawakujua yaliyokuwa yakitendeka ndani.

Kisha vijana wetu wakaenda. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Ceylon, na miongoni mwake ilikuwamo meli iitwayo Khedive Ismail. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na kati yao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Nyambizi hiyo nayo ilizamishwa siku ile ile.

Wale waliofika salama walijiunga na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Tangu mwezi wa Agosti 1944 waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa, katika tope na homa. Mwanzo wa Desemba waliingia Kalewa, na hapo daraja refu la chuma likatandikwa juu ya mto Chindwin ili jeshi livuke. Walikuwamo wapiganaji wa K.A.R., walikuwamo wapiga mizinga, mafundi, wauguzi, wapishi, wapelekaji wa simu na madereva.

Mwezi wa Agosti 1945 Japani ilikubali kushindwa. Lord Mountbatten, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya upande wa kusini-mashariki mwa Asia, alishurutisha kwamba maofisa wa Kijapani sharti watoe panga zao kwa mikono yao wenyewe. Hivyo panga maelfu na maelfu zilikusanywa. Nyingine ziliharibiwa, nyingine zikachukuliwa na washindi kuwa kumbukumbu. Kwa hiyo upanga kuwamo nyumbani si ushahidi kwamba mtu aliuawa. Nyingi zilitoka katika chungu ya silaha zilizosalimishwa.

ISHARA ZA NJE

Wajapani huziita panga hizi "gunto", maana yake panga za jeshi. Zote zina umbo moja la jumla: upanga wenye makali upande mmoja, uliopinda kidogo, wenye mpini mrefu wa kutosha mikono miwili. Si panga la kufyekea, wala si kitara cha Kiarabu. Lakini kati yake ziko aina tatu ambazo yafaa kuzipambanua.

Ya kwanza ni upanga wa ofisa wa jeshi la nchi kavu. Aina yake zilitolewa mwaka 1934 na mwaka 1938. Mpini wake ni wa mti, umevikwa ngozi ya taa, samaki yule yule mnayemjua ninyi wavuvi, yenye vipele vigumu vyeupe. Juu ya ngozi umezungushwa utepe wa rangi ya udongo, unaopishana na kuacha matundu ya umbo la almasi, na ndani ya matundu hayo ngozi huonekana. Kikingio cha mkono kimechorwa maua ya mcheri, nayo ala kwa kawaida ni ya chuma iliyopakwa rangi ya kaki. Jambo la kukumbuka ni hili: ofisa alinunua upanga wake kwa fedha yake mwenyewe. Tajiri aliweza kununua kazi ya fundi hodari, na mwingine aliweza kutia upanga wa babu yake, wenye umri wa miaka mia tatu au zaidi, ndani ya mpini na ala za jeshi. Asiye na kitu alinunua upanga wa kiwandani. Kwa nje zote tatu zafanana.

Ya pili ni upanga wa ofisa wa majini, wa aina iliyotolewa mwaka 1937. Huu wafanana na ule wa kwanza, lakini ala yake mara nyingi ni nyeusi, nao wakati mwingine una alama ya nanga.

Ya tatu ni upanga wa sajini na wenzake wa vyeo vya chini, uliotolewa mwaka 1935. Huu ulikuwa mali ya Serikali ya Japani, ukigawiwa kama bunduki inavyogawiwa. Mpini wake, hasa ule wa aluminiamu, umesubiwa kwa kalibu na kupakwa rangi ili uonekane kana kwamba umefungwa utepe. Ukiugusa utasikia baridi ya chuma, si ulaini wa uzi. Zile za mwisho wa vita zina mpini wa mti uliokatwa mistari inayokingamana. Ubapani una mfuo, na juu ya chuma chenyewe, karibu na kikingio, umepigwa chapa nambari. Ala nayo ina nambari yake, na zikilingana hizo mbili, basi upanga na ala havijaachana tangu kiwandani.

Kama kishada bado kimening'inia penye mpini, kitazameni rangi. Cha buluu na hudhurungi kilikuwa cha maofisa wadogo, cha nyekundu na hudhurungi cha maofisa wa kati, na chenye dhahabu cha majenerali. Lakini kishada ni rahisi kubadilishwa, basi msikitegemee peke yake.

MSUKA NDIO HATI YAKE

Kama jembe, upanga nao una msuka, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini. Katika upanga wa ofisa, msuka hushikwa na kijiti kidogo cha mwanzi kilichopenya mpini. Kijiti hicho husukumwa taratibu kutoka upande wake mwembamba kwa kipande cha mti. Kikikataa, mwacheni; msikigonge kwa nyundo. Upanga wa sajini umeshikwa kwa parafujo, na nambari yake yaonekana bila kufungua kitu.

Msuka ukitoka, mtaona kutu nyeusi au ya hudhurungi. Kutu hiyo msiiguse kabisa. Kwa mtaalamu, rangi ya kutu ya msuka ndiyo shahada ya kuzaliwa. Mwenye kuisugua amechoma shahada hiyo kwa moto.

Upande mmoja mara nyingi fundi alichora jina lake kwa patasi. Mzee wetu alidhani jina hilo ni la mwenye upanga. Siyo, ni la mhunzi. Upande wa pili wakati mwingine umeandikwa mwaka. Hesabu ya Wajapani ilifuata miaka ya kutawala kwa mfalme wao, na zama hizo ziliitwa Showa. Chukueni mwaka wa Showa, ongezeni 1925, mtapata mwaka wetu. Showa 18 ni 1943. Tarakimu zake za mwanzo hata mtoto aweza kuzisoma: mstari mmoja wa kulala ni moja, miwili ni mbili, mitatu ni tatu, na alama ya kujumlisha ni kumi.

Tena tazameni chapa ndogo. Muhuri mdogo uliopigwa juu ya msuka mara nyingi waonyesha kuwa upanga ulikaguliwa katika miaka ya vita, na kwa kawaida ni wa chuma cha kiwandani kilichozimwa ndani ya mafuta. Nyota ndogo ni habari nyingine: ni alama ya mhunzi aliyekubaliwa na jeshi, aliyefua kwa njia ya kale, akikunja chuma mara nyingi na kukizima ndani ya maji. Na msuka usio na maandishi wala chapa usidharauliwe, kwani panga nyingi za kale hazikuandikwa kitu, au zilikatwa msuka ili zifupishwe. Wala msuka wenye jina kubwa usiaminiwe upesi. Kughushi majina ya wahunzi mashuhuri ni wizi wa tangu zamani huko Japani kwenyewe.

JIHADHARINI NA BANDIA

Siku hizi panga za kuiga ni nyingi sokoni, nyingine zimezikwa ardhini au kutiwa dawa ili zionekane kuukuu. Dalili zake ni hizi. Chuma chang'aa kama kijiko cha chai na hakishiki kutu. Ile alama ya mawingu ifuatayo makali, ambayo katika upanga wa haki hutokana na kuzimwa chuma, hapa imechorwa kwa tindikali na haina kina. Utepe umelegea na ngozi ya taa ni plastiki. Maua ya mcheri hayana ncha wala mishipa. Nambari imepigwa kwa kupinda-pinda. Dalili moja haitoshi kuhukumu, lakini zikikutana tatu au nne, fungeni mkoba wenu.

NAMNA YA KUUTUNZA

Adui wa chuma hapa pwani ni hewa ya chumvi na jasho la mkono. Basi fuateni kanuni hizi.

Kwanza, msiguse ubapa kwa vidole. Alama ya kidole huweza kuwa kutu baada ya siku chache.

Pili, mnapouchomoa, makali yaelekee juu, na mkono usishike mahali pa mdomo wa ala ambapo makali yaweza kupenya. Kuna watu waliopoteza vidole kwa upanga ambao "ulikuwa butu".

Tatu, pangusieni kitambaa laini kikavu, kisha mpake mafuta mepesi, mathalan yale ya cherehani, kidogo mno kama ukungu juu ya kioo. Wajapani hutumia mafuta yaliyotiwa harufu ya karafuu, na hilo lisitushangaze sisi tulio jirani na Unguja na Pemba.

Nne, msiusugue kwa msasa, wala majivu, wala ndimu, kama tusuguavyo sinia la shaba. Katika upanga uliofuliwa kwa njia ya kale, kila ukisugua waondoa chuma ambacho hakirudi. Kazi ya kuunoa huko Japani ina mafundi wake, nao husomea miaka mingi.

Tano, msiuweke juu ya ardhi yenye unyevu wala kuufunga ndani ya nailoni. Mahali pakavu, juu, mbali na watoto.

SHERIA NA KUUZA

Upanga ni silaha hata ukiwa wa marehemu. Sheria ya Kenya yakataza mtu kubeba silaha mahali pa watu wote pasipo ruhusa au sababu ya haki. Msiende nao harusini wala katika maandamano, na mkitaka kuupeleka kwa mtaalamu, ufungeni vema na mwaulize polisi kwanza.

Kuuza si haramu kwa kuwa mali ni yenu, lakini msiuze kabla ya kujua mnauza nini. Pigeni picha za upanga mzima, mpini, kikingio, ncha na pande zote mbili za msuka, na mwonyeshe watu zaidi ya mmoja. Mtu asemaye "ni chuma tu" huku akitoa fedha mfukoni, hebu mfikirieni. Ikiwa upanga ni sehemu ya mirathi, warithi wote na wajue, wa kike na wa kiume, kabla haujavuka kizingiti.

Wengine hupenda kuurudisha Japani kwa jamaa za aliyekuwa nao. Hiyo ni nia njema, lakini sheria ya huko huruhusu panga zilizofuliwa kwa njia ya kale tu, nazo ziandikishwe. Za kiwandani, kama zile za sajini, hazikubaliwi, nazo huharibiwa. Basi ulizeni kwanza, msije mkapeleka kumbukumbu kwenye tanuru. Tena lipo jumba la makumbusho la Fort Jesus, hatua chache tu kutoka Mji wa Kale. Si vibaya kubisha hodi na kuomba shauri la wenye kutunza vitu vya kale.

TURUDI KIBOKONI

Sasa nimalize habari ya ule upanga juu ya mkeka. Nilishika mpini, nikasikia baridi. Ulikuwa wa aluminiamu, na rangi yake imebanduka. Karibu na kikingio ilikuwapo nambari, na juu ya ala ilikuwapo nambari ile ile. Nikasema, "Mzee, hapana jina la kusoma. Huu haukuwa wa mkubwa. Ulikuwa wa sajini, au mtu wa cheo kama hicho, nao ulitoka kiwandani."

Mzee alinyamaza. Ndugu yake aliweka msasa chini, akauliza kama bei itapungua. Nikamwambia kwamba upanga wa ofisa mwenye nasaba hupata zaidi, lakini huu ni wa kweli na haujaachana na ala yake, na kwamba ile shubiri moja aliyoisugua ndiyo iliyopunguza bei, si cheo cha Mjapani.

Kisha nikauliza kama marehemu aliacha karatasi yoyote ya jeshi. Bibi mmoja wa nyumba akatoa sandukuni cheti cha kuachishwa kazi, kimekunjwa mara nne. Nikakisoma polepole, nikitafsiri kila mstari. Chasema kuwa marehemu alipata nishani ya Burma Star, kwamba mwenendo wake ulikuwa mwema sana, na kwamba aliachishwa mwaka 1946. Na mahali pa kazi pameandikwa: dereva.

Ndugu mdogo akacheka kidogo. "Dereva! Na sisi miaka yote twahadithia mkono kwa mkono."

Mzee akamtazama. "Unacheka nini? Wale waliokuwa mbele walikula nini, kama si kilichokuja kwa lori?" Kisha akakaa kitambo, akasema kwa sauti ndogo, "Baba mwenyewe hakusema kamwe kuwa alimpokonya mtu. Nikikumbuka vizuri, nilikuwa mtoto, ni mimi niliyewaambia wenzangu chuoni."

Siku ile upanga haukuuzwa. Dada yao aliyeko Malindi alikuwa bado kuulizwa, na hilo ndilo walilokubaliana, asubiriwe. Lakini mzee aliniomba kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nikaandika kama alivyotaka, naye akatia sahihi: "Upanga huu uliletwa na baba yetu, dereva wa jeshi, aliyetumika Burma na kuachishwa mwaka 1946. Hakutuambia aliupataje. Kwamba aliupokonya vitani ni maneno yetu sisi watoto." Karatasi ikawekwa pamoja na cheti, ndani ya kikoi kile kile.

Mabibi na Mabwana, nimewapa ishara nyingi, za mpini, za kikingio, za nambari na za msuka. Nawaomba mwende nazo nyumbani mkafungue masanduku, na mkitazama chuma mtazame na karatasi zilizo chini yake. Na kama nyumba yenu ina mzee bado akumbukaye, muulizeni leo, tena muandike asemavyo, bila kuongeza chumvi.